Heri Wapatanishi

Bwana wetu hakuwaita heri watu wakimya, bali wapatanishi. Mtu aweza kukaa miaka kumi bila kugombana na jirani yake, wala asiwe na amani naye. Mpatanishi huinuka akaenda. Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alikwenda msituni kuonana na kiongozi wa waasi wa Renamo, vita vya Msumbiji vikiendelea. Wengine wangaliweza kuuita usaliti. Kisha akawa miongoni mwa wapatanishi huko Roma, kwa Jumuiya ya Sant'Egidio, tangu Julai 1990 hadi mkataba ulipotiwa sahihi tarehe 4 Oktoba 1992. Miaka miwili ya maneno! Nasi twachoshwa na kikao kimoja cha ukoo juu ya mpaka wa shamba. Leo, tutakapotakiana amani katika Misa, yule tusiyemsalimu ameketi benchi gani?