Shule Zipimwe kwa Mizani ya Haki

Kila yatokapo matokeo ya mtihani wa darasa la saba, wazazi wa Nangara, kama wenzao wa kata nyingine za mji wa Babati, huulizana ni shule ipi ya serikali iliyoshinda. Swali hilo ni la haki, maana utoto hauji mara mbili. Lakini jibu lake mara nyingi hupimwa kwa mizani mbovu.

Na tutoe mfano. Tuseme shule moja iliandikisha watoto 100 darasa la kwanza. Wakafika mtihanini 40, wakafaulu 36. Shule ya pili nayo iliandikisha 100. Wakafika 90, wakafaulu 63. Hesabu ya kawaida yasema ya kwanza imepata 90 kwa mia na ya pili 70 tu, na ya kwanza hupigiwa makofi. Kumbe katika watoto 100 iliokabidhiwa, ya kwanza imefaulisha 36, na ya pili 63! Je, wale 60 wako wapi? Wengine wamehama na wazazi wao. Lakini wengine wako machungani, sokoni, au katika majiko ya watu. Hawamo katika hesabu ya walioshindwa, maana hata nafasi ya kushindwa hawakuipata.

Nchi yetu imekwisha kuyaona haya. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na watoto wakamiminika madarasani. Waliofaulu darasa la saba walikuwa kiasi cha 70 kwa mia mwaka 2006. Mwaka 2012 wakashuka hata 31. Wako waliosema kwamba wingi wa watoto umeiua elimu. Sisi hatukubali. Kosa halikuwa kuwaita watoto, bali kuwaita kabla ya kuwatayarishia walimu, vyumba na vitabu vya kutosha. Kanuni ni watoto 45 kwa darasa moja. Mwalimu aliyepewa 90 hawezi kuhukumiwa sawa na mwenye 45.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Twaliona jambo hilo kuwa jema, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na shule ipendayo sifa yaweza kumwona mtoto mzito kuwa mzigo. Lakini kuacha kutangaza si kuacha kupima.

Basi twawashauri wazazi wa Nangara, waendapo katika mkutano wa shule, wasiulize asilimia peke yake. Waulize: walioandikishwa walikuwa wangapi? Waliofika mwisho ni wangapi? Kila mwalimu ana watoto wangapi? Na majibu hayo yabandikwe ukutani, kila mtu ayasome. Shule njema ni ile ifundishayo vyema bila ya kupoteza mtoto njiani.