Kunguru Wawili wa Upanga

Msikilizaji, ukipita Upanga alfajiri, au ukishuka Kariakoo wakati wa soko, hukosi kusikia sauti ya kunguru. Wengi wetu humtaja kana kwamba ni ndege mmoja. Kumbe kunguru hapa Dar es Salaam ni wa namna mbili, na yafaa tuwapambanue, maana mmoja ni mwenyeji na wa pili ni mgeni.

Mwenyeji ndiye mkubwa. Ni mweusi, ila kifua na shingo ni vyeupe, kana kwamba amevaa kizibao. Wataalamu humwita Corvus albus, na makao yake ni Afrika kusini ya Sahara na kisiwa cha Madagaska. Mgeni ni mwembamba, na shingo yake ina rangi ya majivu. Huyu ni Corvus splendens, ambaye asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Kisha akaenea mwambao wote.

Kwa nasaba, basi, hawa ni ndugu: jamii yao ni moja, na jina lao la kwanza, Corvus, ni moja, jina la pili ndilo liwatengalo.

Hata katika Orodha Nyekundu, ambamo viumbe vya dunia hupangwa kwa kadiri ya hatari ya kutoweka, wote wawili wamo katika daraja moja, la wasio na hatari kubwa. Lakini orodha hiyo hupima ulimwengu mzima. Haihesabu ndege wa mtaa mmoja. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, na mwenyeji hakupona: amesukumwa nje ya mji, hata kumwona ni nadra. Ndege wadogo nao huliwa mayai na makinda yao, na kuku wetu hunyang'anywa vifaranga.

Tufanyeje? Kwanza, atakayetega mtego na atazame shingo, asije akamwua mwenyeji kwa kosa la mgeni. Pili, tukumbuke kwamba mgeni huyu hawezi kuishi mbali na watu. Chakula chake ni uchafu wetu. Kila pipa lililofunikwa, sokoni na nyumbani, humpunguzia riziki.