Penseli Kwanza, Rangi Baadaye
Nimewasikia walimu wakidai kwamba picha ya njozi huzaliwa na rangi. Sikubaliani nao. Mtazameni Mwingereza Arthur Rackham, aliyekipamba kitabu cha Rip Van Winkle kwa picha mwaka 1905. Alichora kwa penseli, akafuatisha kalamu na wino mweusi usiochujuka. Ulipokauka ndipo alipopaka rangi za maji, nyepesi mno, tabaka juu ya tabaka, weupe wa karatasi ukizidi kupenya. Vibwengo wake twawaamini kwa sababu mizizi na magome wanamojificha ni ya miti ya kweli. Na huyu alikuwa karani wa bima, akisomea sanaa jioni! Basi, mwanafunzi atakaye kuchora zimwi apelekwe kwanza chini ya mkuyu, na penseli tupu.