Sikio la Mashine na Mikono ya Jirani

Mtu aangukapo ghafla nyumbani, jamaa zake hubabaika. Mmoja hulia, mwingine hukimbilia maji, na ashikaye simu kuomba msaada husema, "Bado anapumua, anakoroma." Kauli hiyo imewapoteza wengi. Mkoromo wa kukatika-katika wa mtu asiyeitika aghalabu si pumzi ya uzima, bali ni dalili kwamba moyo umesimama. Kila dakika ipitayo bila kifua chake kubonyezwa, tumaini la kumwokoa hupungua kwa sehemu 7 hadi 10 katika 100.

Mjini Copenhagen, nchini Denmark, wataalamu walitafuta njia ya kulitambua jambo hilo mapema. Huko mwenye dharura hupiga simu namba 112. Kompyuta yenye akili bandia ilifundishwa kwa simu za zamani, ikapewa kazi ya kusikiliza mazungumzo, kuyageuza kuwa maandishi, na kutoa onyo ihisipo kwamba moyo wa mgonjwa umesimama.

Ilipopimwa kwa simu 108,607 za mwaka 2014, miongoni mwake 918 zilihusu moyo kusimama. Wapokeaji simu walikuwa wamewatambua wagonjwa 72.5 katika kila 100. Mashine ilitambua 84.1. Tena, kwa kawaida mashine ilitumia sekunde 44, na binadamu sekunde 54.

Matokeo hayo yalileta matumaini makubwa. Lakini sifa ya jembe huonekana shambani. Tangu mwaka 2018 hadi 2019 mashine iliwekwa kazini, nusu ya maonyo yake yakionyeshwa kwa wapokeaji na nusu yakifichwa. Walioonyeshwa walitambua wagonjwa 93.1 katika 100, na wasioonyeshwa 90.5. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuhesabiwa ushindi. Isitoshe, katika kila maonyo 100 ya mashine, yapata 18 tu ndiyo yaliyokuwa ya kweli.

Basi mashine si ya kudharauliwa, wala si ya kuachiwa roho ya mtu. Yaweza kuwa sikio la pili la mpokeaji simu, lakini haina mikono. Hata ikitambua upesi namna gani, gari la wagonjwa lingali njiani, na aliye karibu na mgonjwa ni mke, mtoto, jirani, au askari wa zamu.

Kwa hiyo yafaa kila nyumba ijifunze mambo machache. Apigaye simu aseme kwanza mahali alipo. Kisha aseme kama mgonjwa anaitika, na kama anapumua kama kawaida. Simu iwekwe kwenye kipaza sauti ili mikono ibaki huru. Asiyeitika wala kupumua kama kawaida alazwe chali mahali pagumu, na kifua chake kibonyezwe katikati, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, watu wakipokezana hadi msaada ufike.

Askari aliyefunzwa huduma ya kwanza kambini asiyaache maarifa hayo langoni. Ayafikishe nyumbani, kwani huenda siku moja yeye ndiye atakayeanguka.