Usonji: Dodoso la Cambridge kwenye mizani ya Unyanyembe

Mtu mzima wa Tabora anayejishuku kuwa na usonji siku hizi huanzia kwenye simu. Hukutana na dodoso la kauli 50, lililotungwa Cambridge, Uingereza, na Simon Baron-Cohen na wenzake mwaka 2001, akalijaza, kisha akapewa alama. Akifikisha 32 huambiwa amevuka mstari. Shaka yake ni ya kuheshimiwa, kwani haikumjia bure: nyuma yake ipo miaka ya kuchoshwa na mikusanyiko, ya kuitwa mwenye kiburi, ya kukerwa na kelele ambazo wenzake hata hawazisikii. Lakini alama ile haifai kuachiwa itoe hukumu. Dodoso hupima umbali uliopo kati ya mtu na jamii iliyolitunga. Anayeishi Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, apimwe kwa mizani ya Unyanyembe.

Tuanze na hesabu. Dodoso lilipojaribiwa mara ya kwanza, karibu watu wazima 80 kati ya kila 100 wenye usonji walifikisha alama 32. Kwa wasio nao, waliofika hapo ni 2 tu kati ya 100. Kwa haraka, ni chujio zuri. Sasa chukua watu wazima 10,000, na ukubali kadirio ambalo Shirika la Afya Duniani limelitumia, la mtoto mmoja mwenye usonji kati ya 100. Wenye usonji watakuwa 100, na 80 kati yao watavuka mstari. Katika wale 9,900 waliobaki, 2 kwa kila 100 ni watu 198. Waliovuka ni 278 kwa jumla, na wenye usonji kweli hawafiki hata theluthi yao. Ni kweli kwamba anayelijaza kwa sababu anajishuku si sawa na mtu yeyote aliyeokotwa barabarani, hivyo uwezekano wake ni mkubwa zaidi. Hata hivyo alama inamtosha kuuliza zaidi, haimtoshi kujipa jina.

Kisha zipo kauli zenyewe. Mtu hupimwa, pamoja na mengine, kwa kupenda maktaba kuliko sherehe, au ukumbi wa maigizo kuliko makumbusho. Kwa mkazi wa Tabora, ambaye makumbusho yake ya karibu ni tembe la Livingstone kule Kwihara, kauli ya namna hiyo hugusa kipato na mazingira kabla haijagusa tabia. Kutazamana machoni nako, ambako wataalamu hukuangalia sana, kuna maana nyingine kwa kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mjomba wake. Mizani ya hapa ipo, na ni nyeti zaidi: salamu na utani. "Mwangaluka" ya asubuhi haiishii kwenye neno moja. Hufuatwa na habari za nyumbani, za watoto na za shamba, na kila jibu lina wakati wake. Utani nao ulikua pamoja na misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita katika nchi za watu walihitaji namna ya kudhihakiana bila kugombana, na utani wao na Wazaramo unajulikana hadi leo. Mtani huweza kufika msibani akamwigiza marehemu, na wafiwa wakacheka. Kuipokea dhihaka hiyo kunadai usome sauti, uso, mahali na nasaba kwa mpigo mmoja. Ambaye tangu utotoni huchukulia utani kuwa tusi, au aliyelazimika kuukariri kama somo la darasani, ana ushahidi mzito kuliko alama za simu.

Wapo wasemao usonji ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 kwa kuwachunguza watoto 11 huko Marekani, lakini pahali jambo lilipopewa jina sipo lilipozaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwachunguza watoto 20 nchini Tanzania, na 14 kati yao walitimiza vigezo. Pingamizi zito zaidi ni hili: jina lisilo na tiba lina faida gani? Jibu liko Tabora yenyewe. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilianzisha hapa shule ya viziwi, ya kwanza nchini. Shule ile haikumrudishia mtoto usikivu; iliwabadilisha wanaomfundisha. Usonji nao hauna dawa ya kuuondoa, ila mwajiri anayejua kwa nini mfanyakazi wake hufanya vizuri akipewa maagizo kwa maandishi, mahali penye utulivu, hatamwita mkaidi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mfanyakazi huyo pa kusimamia.

Wengine husema kila mtu anao kidogo. Kila mtu huchoka na kelele, lakini vigezo vya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani vya mwaka 2013 vinataka mambo yakutane: ugumu wa kuwasiliana na kuchangamana, mazoea ya kujirudiarudia, mapenzi ya kupindukia kwa jambo moja au hisi zisizo za kawaida, chanzo cha utotoni, na maisha yanayokwama kwa sababu hiyo. Aliyeanza kujitenga baada ya msiba huenda ana sonona, na anayepotea katika mazungumzo huenda masikio ndiyo yenye tatizo. Kwa hiyo anayekwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, kuomba kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili, asiende na simu peke yake. Aende na shangazi aliyemlea, ili aulizwe: alianza kusema lini, alicheza na nani, na watani walipokuja nyumbani, alikuwa wapi?