Mafuta "Machachu": Jina Lisiloonya

Maji yakipwa katika hori ya Tudor, upepo huleta Kisiwani uvundo wa yai viza kutoka kwenye matope ya mikoko. Wenyeji wa Mji wa Kale hawashtuki, na waama hawana sababu: hewa hiyo, ambayo wanakemia huiita haidrojeni salfaidi, hutoka kidogo kidogo ikapeperushwa. Hewa iyo hiyo huchanganyika na mafuta katika baadhi ya visima vya baharini, na huko si ya mzaha.

Waingereza huyaita mafuta hayo "machachu". Mfasiri mvivu atalichukua neno lilivyo, na mwanafunzi atakapolisikia atafikiria embe bichi au donge la mkate. "Gesi ya yai viza" laonekana kuwa jina bora, kumbe lina hatari zaidi. Ikifika sehemu 100 hivi katika milioni ya hewa, pua hufa ganzi kwa dakika chache. Aliyeitegemea hudhani hatari imepita, ilhali imezidi. Ikikaribia sehemu 1,000, pumzi chache zatosha kuua. Tena ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama ngamani na mashimoni; na chuma kisichoteuliwa kwa kazi hiyo hupasuka.

Mtu atauliza: mafuta yenyewe yako wapi? Kisima cha Mbawa kilionyesha gesi mwaka 2012, na cha Sunbird mafuta na gesi mwaka 2014, vyote bila kiasi cha kufaa biashara. Sidai kwamba vina sumu hii. Lakini istilahi hutakiwa kabla ya mtambo kuwasili. Changamwe ilisafisha mafuta tangu 1963 hadi 2013, na bado mwalimu wa sekondari hana neno moja la kumpa mwanafunzi, ingawa ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 yakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Wazee waliita salfa "kibiriti upele". Nalipenda jina hilo, ila kijana wa leo atakumbuka dawa ya ngozi. Napendekeza "hewa sumu ya salfa", na tangazo la mtamboni liandikwe kwa herufi kubwa: HEWA SUMU YA SALFA. USINGOJE KUNUSA. KIMBILIA UTOKAKO UPEPO, UPANDE JUU.