Krimu ya Konokono na Ngozi Iliyovuka Hamsini: Kweli au Si Kweli?

Vipodozi vya Korea Kusini vimeingia madukani kwetu kwa kishindo. Kariakoo na katikati ya Nairobi visanduku vyake vimepangwa mstari wa mbele, na wanaoviulizia si mabinti wa chuo peke yao. Mama aliyevuka hamsini, ambaye mikono inampaukia muda mfupi tu baada ya kuoga na mashavu yanamkaza akicheka, naye anaitaka ile krimu ya konokono aliyoiona kwenye simu ya bintiye. Ana haki ya kuambiwa ukweli kabla hajafungua pochi, maana kopo lenyewe ni dogo na bei yake si ndogo. Nimeitumia krimu hiyo na nyingine za jamii yake, nimesoma maandishi ya nyuma ya makopo na tafiti zilizopo. Haya ni majibu ya maneno ninayoyasikia kila mara.

"Krimu huipa ngozi maji." Kwa sehemu tu.

Maji ya ngozi hutoka ndani ya mwili. Hupanda kutoka tabaka za chini hadi juu, na huko hewa huyachukua. Kinachoyazuia yasiishe ni tabaka la juu kabisa, lenye unene wa maikromita 10 hadi 20 tu sehemu kubwa ya mwili: seli bapa zilizokwisha kufa, zimepangwa mithili ya matofali ya ukuta, na kati yake kuna mchanganyiko wa mafuta unaozishikanisha. Takriban nusu ya mafuta hayo ni seramidi. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni kolesteroli na asidi za mafuta. Yakipungua, maji yanatoroka. Umri unayapunguza, sabuni kali inayapunguza, kuoga maji ya moto sana kunayapunguza. Na mwanamke anapokoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka, ngozi inakauka na inakuwa nyembamba. Makadirio yanayotajwa sana na madaktari ni kwamba karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi huondoka katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma.

Krimu nzuri basi hufanya kazi tatu. Gliserini, urea na asidi ya haialuroniki huvuta maji na kuyashika. Seramidi na mafuta mepesi hujaza nafasi zilizobaki wazi kati ya seli. Mafuta mazito hukaa juu na kufunika. Krimu yenye kazi ya kwanza peke yake, hasa mahali penye hewa kavu, haimfikishi mtu jioni: ngozi inang'aa asubuhi, saa sita mchana imeshapauka. Ndiyo sababu inafaa kupaka ngozi ikiwa bado ina unyevu wa kuoga, na kumalizia na kitu cha kufunika. Mkazi wa Tanga au Mombasa anaweza kutosheka na krimu nyepesi. Wa Njombe au Limuru mwezi Julai hawezi.

Wakorea wamelijua hilo kwa kuishi nalo. Kuanzia Desemba hadi Februari upepo wa baridi na mkavu unawashukia kutoka Siberia, na ndani ya nyumba sakafu zinapashwa joto kwa mfumo wao wa jadi uitwao ondol. Nje hewa kavu, ndani hewa kavu. Kisha majira ya joto yanakuja na mvua na jasho, wanabadili wanapaka vitu vyepesi. Kutokana na mahitaji hayo yamepata umaarufu majina kama Aestura, Illiyoon na Dr.Jart+, ambayo yamejijenga kwa krimu za seramidi. Kwa maoni yangu, mwenye ngozi kavu ya umri wa makamo akianzia huko atakuwa ameanza mahali sahihi kuliko akianzia kwa konokono, japo seramidi haina hadithi ya kusimulia.

"Ute wa konokono unafuta makunyanzi." Hapana, ila una kazi yake.

Krimu inayovuma zaidi ni COSRX Advanced Snail 92. Ukifungua kopo unakuta jeli nyeupe isiyo nzito, na ukiinua kidole inafuata kwa uzi mwembamba unaovutika kabla ya kukatika. Ukiipaka, uso unanata kwanza. Baada ya muda mnato unaisha, ngozi inabaki laini, na ile mistari midogo ya ukavu chini ya macho inaonekana imelala. Hapo ndipo wengi wanaposema makunyanzi yamekwisha. Kilichotokea ni kwamba ngozi imejaa maji na mistari ya ukavu imenyooka. Nawa uso, acha bila kupaka kitu hadi kesho, mistari inarudi.

Ile namba 92 nayo inawapotosha watu. Ni asilimia ya ute uliochujwa, si ya dawa, na ute wa konokono wenyewe kwa sehemu kubwa kabisa ni maji. Ndani yake mna protini zenye sukari na alantoini, ambayo hutuliza ngozi. Tafiti zipo, lakini ni ndogo. Mmoja wa mwaka 2013 uliochapishwa Marekani ulikuwa na watu 25: upande mmoja wa uso walipaka bidhaa yenye ute, upande wa pili isiyo nao, na baada ya wiki 12 mikunjo ya pembeni ya macho upande wa ute ilipungua kiasi. Hiyo ni dalili njema. Haitoshi kumwahidi mtu ujana.

Linganisha na tretinoini, ya jamii ya vitamini A. Mwaka 1986 daktari Albert Kligman na wenzake walichapisha matokeo yake kwa ngozi iliyozeeshwa na jua, na tangu hapo ushahidi umeendelea kurundikana. Hiyo kweli hupunguza makunyanzi, kwa miezi, si kwa siku. Lakini huandikwa na daktari, huikausha na kuiwasha ngozi mwanzoni, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Krimu ya Kikorea ya kulainisha inafaa sana kama mwenzake, ya kuituliza ngozi inapozoea. Kwa kazi hiyo naisifu bila kusita.

Jambo moja la tahadhari: ute wa konokono unatoka kwa mnyama, na wapo wanaodhurika nao. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, rudia kwa siku kadhaa, uangalie kama panawasha kabla hujapaka usoni.

"Krimu ya kolajeni inarudisha kolajeni." Si kweli.

Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi waliandika kanuni ambayo wataalamu wa ngozi bado wanaitumia: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupita kwa shida sana kwenye ngozi nzima. Kolajeni ina uzito wa takriban 300,000. Itakaa juu, itashika maji, itakufanya ujisikie laini, basi. Muuzaji anayekwambia inaingia ndani na kujaza pengo la kolajeni yako anakuuzia ahadi.

"Korea inaziruhusu krimu zijiite za kupunguza makunyanzi kiholela tu." Si kweli, na hili linanifurahisha.

Tangu mwaka 2000 Korea Kusini ina sheria ya vipodozi inayotenga kundi maalumu la vipodozi vyenye kazi, zikiwemo kazi hizi tatu: kung'arisha ngozi, kupunguza makunyanzi na kukinga jua. Kampuni ikitaka kudai hivyo, wizara yao ya usalama wa chakula na dawa ina masharti. Kwa makunyanzi, kiungo kinachotumika sana ni adenosini kwa kiwango cha asilimia 0.04. Kwa kung'arisha, niasinamidi kati ya asilimia 2 na 5. Viungo hivi viwili ni vidogo, adenosini daltoni 267 na niasinamidi 122, kwa hiyo ile kanuni ya 500 haivizuii. Nguvu ya adenosini ni ya wastani, haifiki tretinoini hata kidogo. Lakini ukilinganisha makopo mawili ya bei moja, moja lina hadithi ya konokono peke yake na jingine lina seramidi, niasinamidi na adenosini kwenye orodha, chukua la pili.

"Bila hatua kumi haifanyi kazi." Si kweli.

Utaratibu wa hatua kumi ulitangazwa sana Marekani katika miaka ya 2010, hasa na Charlotte Cho, mwanzilishi mwenza wa duka la Soko Glam. Wanawake wengi wa Seoul hawana muda huo. Ngozi kavu inayozeeka inazidi kudhurika ikipakwa vitu vingi vyenye manukato na asidi. Sabuni ya upole, krimu, kinga ya jua asubuhi. Zinatosha.

"Kila kilichomo kimetoka Korea." Wala.

Mmea wa sentela, unaouza krimu nyingi za Kikorea za kutuliza ngozi, unavunwa pia Madagaska, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, na kampuni ya Skin1004 inalitaja wazi jina la kisiwa hicho kwenye bidhaa zake. Wafaransa walikuwa wameshautengenezea dawa ya vidonda kutoka huko huko miaka mingi kabla.

"Wanasema inang'arisha, basi ni mkorogo." Hapana, ila fungua macho.

Woga huu nauheshimu, maana tumeona nyuso za mama zetu zilivyoharibiwa na zebaki na haidrokwinoni. Niasinamidi hufanya kazi tofauti kabisa. Haiui chembe zinazotengeneza rangi; hupunguza kasi ya rangi hiyo kuhamia kwenye seli za juu, hivyo madoa hufifia polepole na rangi yako ya kuzaliwa inabaki ilivyo. Ukiona krimu yenye jina la Kikorea imekufanya mweupe ndani ya wiki mbili, iache siku hiyo hiyo. Hiyo imechakachuliwa, au ni bandia kabisa.

Bandia zipo nyingi. Angalia kama kifuniko cha ndani kimefungwa, kama maandishi ya kisanduku yana makosa, kama bei ni ya chini kupita kiasi. Halafu kuna jambo linalowatia watu hofu bure: tarehe iliyopigwa chini ya kopo la Kikorea mara nyingi ni ya kutengenezwa, si ya mwisho wa matumizi. Muulize muuzaji akuoneshe ipi ni ipi. Akishindwa kukujibu, nenda duka jingine.

"Mafuta ya mgando ni ya kizamani, sasa tuna ya Korea." Si kweli hata chembe.

Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na hadi leo ni vigumu kupata kitu kinachoyashinda kwa kufunika. Yanaweza kuzuia karibu maji yote ambayo yangepotea kupitia ngozi. Vijana sasa wanapaka krimu ya Kikorea usiku, kisha mafuta ya mgando juu yake, na wanauita mtindo mpya. Bibi zetu waliwapaka wajukuu mafuta hayo baada ya kuwaogesha, ngozi ikiwa bado mbichi, na walikuwa sahihi. Mwenye chunusi ayaepuke usoni. Mwenye ngozi kavu ya miaka hamsini na bajeti ndogo anunue losheni yenye gliserini au urea, apake mafuta ya mgando juu yake kwenye miguu na mikono, na akibakiwa na hela ndipo aifikirie krimu ya Seoul, ya uso tu.

"Ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua, krimu ya kulainisha inatosha." Si kweli, na hili ndilo linalonikera kuliko mengine yote.

Rangi yetu inatukinga, ndiyo. Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1970 viliipa tabaka la juu la ngozi nyeusi kinga ya wastani wa SPF 13.4, na ngozi nyeupe 3.4. Kwa hiyo makunyanzi hutufikia baadaye. Lakini madoa hutuwahi, mashavu hufanya mabaka ya kahawia baada ya uzazi na baada ya arobaini, na mwanga wa jua unaoonekana kwa macho huyakoleza. Hakuna krimu ya konokono itakayoyaondoa wakati kila asubuhi unasimama kituoni jua likikupiga upande mmoja wa uso.

Ushahidi mzito kuliko wote katika habari hii ya uzee wa ngozi ulitoka Nambour, mji wa Queensland, Australia. Watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, wengine wakitakiwa kupaka kinga ya jua kila siku, wengine wapake wanapopenda. Matokeo yalichapishwa 2013: waliopaka kila siku ngozi yao haikuonesha kuzeeka zaidi kwa kipimo kilichotumika, na uzee wao ulikuwa pungufu kwa asilimia 24 ukilinganisha na wenzao.

Hapa Wakorea wanastahili sifa ya kweli. Kinga zao nyingi za jua ni nyepesi, zinanyonywa upesi na haziachi ule weupe wa majivu kwenye uso mweusi, kasoro iliyowafanya wengi wetu wakate tamaa na za zamani. Mwenye mabaka atafute yenye rangi ya kahawia, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga unaoonekana. Kwa ndugu zetu wenye ualbino jambo hili ni la uhai wenyewe, na huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, inatengenezwa kinga ya jua ya KiliSun kwa ajili yao.

Mwenye pesa ya kopo moja tu mwezi huu, na ngozi yake inapata jua kila siku, anunue hilo la kinga ya jua. Ngozi ikiendelea kuwasha, kupasuka au kutoka magamba hata baada ya kulainishwa ipasavyo, amwone daktari wa ngozi: ukavu usiokubali mafuta unaweza kuwa dalili ya pumu ya ngozi, kisukari au ugonjwa wa tezi ya shingo, na hayo hayatibiwi dukani.